Badilisheni Karo, Siyo Mbwa

Mi huwa sisemi mezani. Kwetu wote wanajua, na shangazi, dada yake baba, ananiita bubu tangu nikiwa mdogo. Ninaandika kwa sababu daftari halinikati neno. Lakini jioni ile shangazi aliposema mbwa waondoke, neno lilinitoka kabla sijalipima.

"Apana."

Nyumba yetu ya Buyenzi, hapa Bujumbura, aliijenga babu. Mlango uko barabarani, ua uko nyuma, na katikati kuna njia ndefu ya ndani tunayoiita kuluwari. Ukitaka kufika uani lazima upite hapo, uwe mtu, baiskeli au gunia la makaa. Mbwa wetu wawili wanapita hapo pia, mama na mwanawe. Mchana wanalala uani, na magharibi baba anawatoa mbele walinde banda lake la vipuri vya magari. Sakafu ilikuwa ya simenti nyekundu, ile ya kupakwa nta, imepasuka vibaya. Ilikuwa inakunywa. Ukimwaga maziwa inakunywa maziwa. Yule mbwa mama amezeeka, mara nyingine hajizuii, na hilo nalo sakafu ilikunywa. Mvua ikianza, nyumba nzima inanuka.

Sasa binti wa shangazi alikuwa anaolewa, sherehe ingefanyika kwetu, na wageni wa kike wangepita kuluwari kwenda uani. Baba akakubali kuweka karo, vile vigae vya sakafuni. Shangazi alikuwa ameshaziona kwenye nyumba moja ya Kiriri, kwa matajiri, nyeupe pe, zinang'aa, ukiinama unajiona mpaka meno.

"Karo nyeupe na mbwa haziendi pamoja," alisema huku akimenya ndizi. "Wapelekwe Gatumba, kwa yule mwenye ng'ombe. Na tena muwaze mama." Alikuwa anamsema bibi yangu, aliyekuwa chumbani. "Mama anatoka bombani na udhu wake, miguu ina maji, anakanyaga walipopita mbwa. Swala gani hiyo?"

Baba alikuwa anatafuna polepole, na akitafuna hivyo ujue ameshakubali. Mi Gatumba naijua. Kule mbwa anafungwa mnyororo mfupi, na maji ya ziwa yakipanda watu wanakimbia na magodoro yao. Mnyororo nani anaukumbuka?

Ndipo nikasema ile apana.

"We umesema nini?" baba aliuliza.

"Badilisheni karo, siyo mbwa."

"Yoo! Bubu amesema!" Shangazi alipiga makofi. "Haya endelea, mama fundi, tunakusikiliza."

Masikio yaliniwaka. Sikuendelea vizuri. Nilisema kwa kukatakata kwamba kuna sakafu nyingi duniani, na kwamba sisi tumeangalia moja tu, ya Kiriri, ambako bibi yetu hakai. Baba alinitazama kama mtu aliyesikia gari bovu limewaka.

"Ijumaa fundi anakuja kupima," alisema. "Kabla ya hapo niletee karo ambayo mama atapita na udhu wake bila wasiwasi. Ukiikosa, Jumamosi mbwa wanapanda gari."

Kesho yake nilitoka shule nikaenda duka la vifaa vya ujenzi, la mzee mmoja Mwarabu ambaye baba yake pia alikuwa anauza hapohapo. Kwa kuwa najijua, nilikuwa nimeandika maswali kwenye karatasi. Nilitoa salamu nikamkabidhi karatasi. Nilidhani ataisoma kimya. Yeye alivaa miwani akasoma kwa sauti ya adhana, mafundi wanne wamesimama pale wanangoja simenti.

"'Je, karo hii ikikojolewa inakunywa?'"

Mafundi walikufa kwa kicheko. Mmoja akasema, "Mzee, mujibu binti, na mi nataka kujua!" Nilitaka kukimbia. Miguu ilikuwa imeshageukia mlango kabisa. Lakini niliwaza ule mnyororo, nikabaki, nikasema, "Swali la pili, la kucha za mbwa, liko chini yake."

Mzee hakucheka. Alichukua kipande cha karo iliyovunjika, akakigeuza mgongo, akakidondoshea chai yake. Chai ikazama.

"Hii uso wake ni kioo, mwili wake ni udongo," alisema. "Kucha za mbwa zikikwaruza kioo, udongo unaanza kunywa. Sasa ona hii." Akadondoshea chai kipande kingine kizito. Tone likabaki limekaa juu mpaka akalifuta kwa kidole. "Hii imechomwa ikaiva mpaka ndani. Ila uso wenyewe uchague mwenyewe, binti yangu. Inayong'aa inaangusha watu, na yenye mabonde inaficha uchafu. Chukua vipande, kajaribu."

Nilirudi na mfuko wa vipande umenikata vidole. Nilivipanga uani, na kando yake kipande cha balatumu, ile sakafu ya plastiki inayouzwa kwa mita, maana jirani alisema ndiyo rahisi kuliko zote. Nikafanya mambo ambayo shangazi akipita alikuwa anasema audhubillahi. Nilipaka matope. Nilimwaga mafuta. Nilichukua hata kile ambacho mbwa mama alikuwa amekiacha kwenye kona, kwa kijiko cha zamani, nikakiacha hapo tangu asubuhi mpaka narudi kutoka shule. Balatumu ilichanika mbwa mdogo alipogeuka kwa haraka, na maji yakaingia chini yake. Kwenye nyeupe kama ya Kiriri nilimpitisha mbwa mama ikiwa na maji, miguu yake ya nyuma ikaachana, akaketi chini akaniangalia kama nimemsaliti. Ile yenye mabonde kama jiwe ilishika vizuri sana, ila nywele na matope vilibaki ndani ya mabonde hata nilipopiga deki mara tatu. Ikabaki moja, nzito, haing'ai, uso kama ganda la yai, rangi ya udongo mkavu. Maji mara moja, kitambaa mara moja, imekwisha. Nikainusa. Nilipiga magoti nikainusa kweli.

Lakini sharti la baba lilikuwa bibi. Na mimi, jinsi nilivyo, siku tatu nilikuwa nimejaribu na mbwa tu, bibi mwenyewe nilikuwa sijamuuliza. Kila mtu alikuwa anamsemea tu. Alhamisi alasiri nilimngoja bombani.

"Bibi, kanyaga hapa. Halafu hapa."

"We mutoto, unanivisha viatu vya mawe?" Lakini alikanyaga, ameshika bega langu, miguu inachuruzika. Kwenye nyeupe alinibana mpaka nikaumia. Kwenye ile ya rangi ya udongo aliniachia bega.

Nikamuuliza. Nilisema, bibi, wanasema mbwa waende kwa sababu ya swala yako.

"Nani kasema?"

Nikainama kufuta karo.

"Mi nimesema kuluwari inanuka, na inanuka. Kikavu kikigusa kikavu, najisi haihami, hilo hata watoto wa madrasa wanajua. Shida yangu ni ubichi. Simenti hii haikauki, na haioshwi ikaosheka. Nipe sakafu inayomwagiwa maji yakaenda zake, ikakauka kabla sijatoka chumbani. Mbwa ni walinzi, wakae uani na mbele." Alichukua kandambili zake. "Na mwenye kumwaga hayo maji kila alfajiri ni wewe. Nikikuta unywele mmoja, mi mwenyewe nitawapeleka Gatumba."

Usiku bibi alimwambia baba hivyohivyo mbele ya shangazi. Shangazi alisema wageni watadhani tumepaka matope. Nilisema mbwa wetu wana rangi hiyohiyo, nywele hazitaonekana kabla sijazifagia. "Sasa bubu ana ulimi mrefu," alisema, na mi nikachukua sahani nikaenda kuosha.

Baba alikubali karo yangu, kumbe kazi ilikuwa haijaisha. Fundi alianza wakati baba yuko bandarini kungoja mzigo. Nilirudi kutoka shule nikamkuta amemaliza mistari mitatu mbele ya chumba cha bibi, kazi safi, nafasi kati ya karo na karo nyembamba kama nilivyoomba. Nilijaza kikombe maji nikamwaga. Maji yalisimama palepale, halafu polepole yakaenda mlangoni kwa bibi.

"Fundi, inatakiwa kuinama kuelekea uani."

Aliweka pima maji yake juu ya karo, akanionyesha kile kipovu kimekaa katikati kabisa. "Umeona? Hakuna fundi Bujumbura anakulazia hivi. Kuinama ni ya bafu, mudogo wangu. Hii ni kuluwari."

"Hiyo nyoofu ndiyo tatizo. Ng'oa mistari hii mitatu."

"Ningoe?" Alisimama. Ni mrefu. "We mutoto wa shule unaniambia mi ningoe? Nitamwambia baba yako."

"Mwambie. Ila ng'oa kwanza, simenti bado mbichi."

Nilikaa chini, na uniforme yangu ya shule, juu ya mstari wa tatu. Fundi alizunguka, alinung'unika kwa Kirundi, alimpigia baba simu. Nilisikia baba anamuuliza, "Maji yameenda wapi?" Fundi akakohoa. Akachukua mwiko.

Siku ya wageni, shangazi alisimama kuluwari na kitenge kipya akiwapitisha wenzake. "Msishangae rangi," alikuwa anasema, "hii ni sakafu ya mbwa. Kuna mutoto mmoja hapa ndiye aliichagua." Mi nilikuwa napita na trei ya vikombe. Kawaida yangu ningejificha jikoni mpaka waondoke.

"Ni mimi," nilisema.

Na ilikuwa magharibi, mlango wa uani ukafunguka, baba anawatoa mbwa mbele. Kinamama walipiga kelele wakanyanyua magauni, wakajibana ukutani. Mbwa mama alipita katikati yao polepole, mguu mmoja mmoja, bila kuteleza hata kidogo. Aliacha alama za matope mpaka mlangoni.

Niliweka trei chini. Nilileta ndoo ya maji, nimevaa gauni langu la sherehe vilevile, nikamwaga kutoka mlango wa mbele. Maji yalishuka yenyewe mpaka uani na matope yote. Nikapitisha kitambaa.

"Imekauka," nilisema. "Shangazi, piteni."