Shikamoo Mgahawani

Nilipoanza kazi ya uhudumu kwenye mgahawa mmoja wa Mikumi, pale mabasi yanaposimama ili abiria wale, mwenye mgahawa alinipa agizo moja: kila mteja aitwe bosi. Shikamoo, alisema, inawafanya watu wajione wazee na inachelewesha chakula.

Nilizoea, mpaka mchana mmoja nilipomwona mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, akishuka kwenye basi la Kilosa. Mwenye mgahawa alikuwa kaunta, ananitazama. Nikafuta meza niliyokwisha kuifuta, nikaingia jikoni, nikatoka mikono mitupu. Mjomba alikuwa ameshakaa.

“Mwanangu, huku hamsalimiani?” aliuliza.

“Shikamoo mjomba,” nikasema, huku goti likijikunja lenyewe.

“Marahaba. Mama yako hajambo?”

Kabla sijajibu, mzee wa meza ya jirani akageuka. “Na sisi je?”

Nikamwamkia naye, kisha bibi aliyekaa pembeni yake. Mwenye mgahawa hakunikataza siku ile, wala kesho yake. Nikaendelea kuwaamkia wazee, ila kila alipokohoa kule kaunta, nilishtuka.