Baba Alipong'oa Sailensa

Baba alikuwa ameshapita miaka sabini alipoamua gari lake lipige kelele. Majirani wa Kibosho walisema mzee anautafuta ujana, na kwa muda hata mimi, binti yake, niliamini hivyo.

Gari lenyewe halikuwa lake. Kaka yangu alilinunua Dar es Salaam: gari la Kijapani la mbio, jekundu, milango miwili, limeinama kiasi kwamba ukiingia unajiona umekaa chini. Krismasi moja alipanda nalo nyumbani, na barabara yetu ikamfundisha adabu. Tangu alipoachana na lami mpaka getini mawe yalikuwa yakikwaruza tumbo la gari, naye anashika kichwa. Sikukuu zilipokwisha alisema hawezi kulishusha tena, akapanda basi kurudi kazini. Gari likabaki chini ya paa, karibu na mashine ya kumenyea kahawa.

Baba aliendesha malori maisha yake yote. Mama alikuwa ameshafariki, sisi watoto tumetawanyika, naye alikaa peke yake pale kihambani, kwenye shamba la ukoo, na migomba yake. Alilizunguka lile gari majuma kadhaa, akilifuta vumbi, kisha siku moja akatia ufunguo. Haikuchukua muda akawa anajua kila jiwe la kukwepa. Akawa analiendesha kwenda kanisani, sokoni, hadi mjini.

Mimi nafundisha sekondari mjini Moshi, na Jumamosi nilikuwa napanda kumwangalia. Jumamosi moja nilimkuta ameshavaa koti.

"Mama, leo tunashuka kwa fundi," akaniambia. "Nataka gari hili lilie."

"Lilie vipi, baba?"

"Lilie kama gari."

Gereji ilikuwa upande wa Pasua. Fundi wa ekzosi alikuwa kijana mwembamba, miwani ya kuchomelea ameipandisha kwenye paji la uso. Alimwamkia baba, baba akawa anatazama mabomba yaliyotundikwa ukutani. Kijana akarudia kwa sauti, "Shikamoo mzee!" Hapo ndipo baba akageuka, akaitikia.

"Toa hili kopo," baba alimwambia, akionyesha sailensa, lile kopo la chuma chini ya gari linalomeza kelele za injini. "Weka bomba tupu."

"Mzee, litapiga kelele sana. Wanaopenda hivyo ni vijana."

"Weka."

Fundi alilipandisha gari kwa jeki, akalala chini yake kwenye boksi. Alikata sailensa kwa msumeno wa umeme, cheche zikaruka mpaka kwenye viatu vyetu, kisha akachomelea bomba nene, lililonyooka, lenye mdomo mpana. Alipomaliza akamwambia baba awashe. Kuku waliokuwa wakidonoa kando ya uzio walitimka wote. Fundi mwingine, aliyekuwa upande wa pili wa uwanja, aliacha kazi akaja kutazama. Mimi niliziba masikio.

Baba alikanyaga mafuta mara mbili, tatu, akatabasamu. "Hapo sawa," akasema. "Sasa nalisikia."

Tukacheka sote. Nadhani mimi nilicheka kuliko wote.

Tulipokuwa tunarudi trafiki alitusimamisha. Alikuja akiwa amekunja uso, akainama dirishani, akakuta mvi. "Shikamoo mzee," akasema. Akatupungia mkono tupite. Huko juu watoto walitoka mbio mashambani wakidhani ni mashindano ya magari. Baba aliendesha vizuri siku ile. Alikuwa akibadili gia kwa wakati wake, wakati majuma ya nyuma alikuwa akiiacha injini ipige yowe mpaka nakunja vidole vya miguu. Sikujiuliza kwa nini.

Malalamiko hayakuchelewa. Kwenye misa ya kwanza watu walikuwa wanajua baba anakuja kabla hajafika kwenye kona ya shule, na katekista akamwomba kwa upole awe anaegesha mbali kidogo. Lakini aliyeumia zaidi ni mama mdogo, mjane wa binamu yake baba, ambaye boma lake linapakana na letu. Alikuja Jumamosi moja asubuhi, nami niko jikoni namenya ndizi za mtori. Baba alikuwa amekaa barazani.

"Shemeji," mama mdogo alianza, "ng'ombe wangu anazuia maziwa. Ukipita tu na hilo gari wakati nakamua, anashtuka, anapiga ndoo teke. Leo nimemwaga yote."

Baba alimsikiliza kwa heshima, akiitikia kwa kichwa. Kisha akajibu, "Majani yapo, shemeji. Kakate tu kule chini, usiwe na wasiwasi."

Mama mdogo aligeuka. Alinitazama mimi mlangoni, nami nikamtazama yeye.

"Sijaomba majani," akasema taratibu.

"Karibu, karibu sana," akajibu baba.

Nilibaki na kisu mkononi. Vitu vingi vilinijia kwa pamoja. Simu zake ambazo siku hizi alikuwa anazikata haraka, akisema mtandao mbaya. Redio iliyokuwa inasikika kuanzia barabarani. Na lile gari: kabla ya kwenda kwa fundi, mara ngapi nilimwona akizungusha ufunguo wakati injini imeshawaka, chuma kikisagana, nami nikadhani gari ni bovu!

Mama mdogo alipoondoka nilisimama nyuma ya kiti chake. "Baba, unanisikia?" Hakugeuka. Nilizunguka nikakaa mbele yake, nikauliza tena huku ananitazama mdomo.

Aliliangalia lile gari chini ya paa. Halafu akasema, "Lori lilikuwa linanitetemesha. Gia nilikuwa nazijua kwa miguu. Hili limenyamaza kama godoro. Sijui limewaka, sijui limezima. Niliona nitakuja kugonga mtu."

"Kwa hiyo uling'oa sailensa kwa sababu ya masikio?"

"Ningeng'oa nini? Masikio hayang'oki."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Mngeninyang'anya ufunguo," akasema, bila hasira. Sikubisha, kwa sababu kweli tungemnyang'anya.

Ufunguo nilimwomba siku ileile, mpaka atakapopimwa, naye akanipa. Hospitalini mjini walimvalisha vifaa vya masikioni wakamwambia anyooshe mkono kila akisikia mlio. Nilikaa pembeni nikimwangalia. Alikaa wima, macho kwenye ukuta, na mkono wake ukakaa pajani muda mrefu sana. Nilikuwa naona daktari anabonyeza, anabonyeza tena, na baba amekaa vilevile, ametulia kama mtu anayesubiri waanze.

Baadaye walimpatia vifaa viwili vidogo vya kusaidia kusikia. Siku ya kwanza alilalamika kwamba koti lake lina kelele. Alisimama kwenye migomba akasikiliza majani. Daktari alikuwa ameruhusu aendeshe akiwa amevivaa, kwa hiyo nikamrudishia ufunguo, naye akaenda kuwasha gari.

Alilizima papo hapo. Aliniita.

"Hivi ndivyo ninavyopita kwa watu?"

"Ndivyo, baba."

"Na kanisani?"

"Na kanisani."

Alitoka kwenye gari akaenda moja kwa moja kwa mama mdogo, kwa njia ya shambani. Sikumfuata, kwa hiyo sijui alimwambia nini. Nilichoona ni kwamba alirudi na maziwa kwenye chupa, na tangu hapo ndoo za mama mdogo za kwenda kituo cha kukusanyia maziwa husafiri kwenye kiti cha nyuma cha gari la mbio.

Jumatatu iliyofuata nilikuwa likizo, tukashuka tena Pasua. Sailensa ya zamani baba alikuwa ameihifadhi stoo. Fundi aliirudisha bila kuuliza, ila alipomaliza alimwambia baba, "Mzee, vijana watakusikitikia." Baba alimsikia mara ya kwanza, akacheka.

Tulipanda na gari lililotulia. Nilizoea kwamba ndani ya lile gari hakuna mazungumzo, kwa hiyo nilikuwa natazama nje tu, mpaka baba alipouliza, "Siku hizi unakaa wapi?"

"Nilihamia mtaa wa Soweto, hapo mjini, baba. Nilikuambia mwaka jana."

"Nilijibu nini?"

"Ulisema ni vizuri."

Alitikisa kichwa. "Niambie tena," akasema. "Na mengine yote uliyoniambia."

Nikaanza na nyumba: vyumba vyake, maji yake, jirani anayefuga bata. Nikaja kwenye shule, mkuu mpya, madarasa niliyoongezewa. Nikaja kwenye mambo mazito zaidi, ambayo nilikuwa nimeyasema nikiwa nimekaa naye mezani, nikadhani ameyapokea kimya kwa sababu ni mwanamume wa zamani. Alikuwa anauliza maswali. Kila nilipofika mahali pa maana alipunguza mwendo, na gari la nyuma likatupigia honi, naye akalisikia, akalipisha.

Tulipofika getini nilikuwa sijamaliza. Baba alizima injini, akaacha mikono kwenye usukani, hakufungua mlango.

"Endelea," akasema.