Siku Mama Njeri Aliponiambia Nikalie Mikono

Nakumbuka ilikuwa saa nane kamili mchana, likizo ya Agosti, mwanangu, mhadhiri wetu alipotangaza: "Kikundi cha tatu, atakayefundisha ni Mama Njeri."

Tulikuwa walimu wa shule za msingi, tukija chuo kikuu hapa Eldoret kila shule zilipofungwa, kusomea shahada. Kila kikundi kiliandaa somo kwa kompyuta, kisha mhadhiri akachagua mmoja wa kulifundisha kwa projekta. Mama Njeri, mkubwa wetu kwa umri, alibakiza mtihani huo tu ahitimu.

Mimi ndiye niliyekuwa kijana wa kikundi. Kompyuta nilijifunza mwenyewe, jioni baada ya jioni, kwenye saiba, duka la intaneti, mtaani Langas. Kila Mama Njeri aliposogelea kipanya, nilimwambia, "Pumzika, Mama, hii nitaimaliza." Nilidhani hiyo ni heshima.

Sasa alisimama. "Mwalimu, somo nalijua. Hiyo mashine ndiyo sijaigusa. Nipe mpaka saa kumi."

"Saa kumi ya leo, Mama, ama ya Desemba?" mwenzetu Barasa akauliza, darasa likacheka.

"Ya leo, Barasa. Na wewe utakuwa mwanafunzi wangu mtundu. Naona umeshaanza."

Mhadhiri akakubali. Tulipoketi mbele ya kompyuta nilinyoosha mkono kama kawaida. Akaupiga kofi dogo.

"Kalia mikono yako."

"Mama?"

"Ikalie, yote miwili. Kwetu Ainabkoi majirani wakija kunilimia, nami nashika jembe. Wewe umenisaidia ama umeninyang'anya?"

Nikaikalia. Ni kazi ngumu, mwanangu, kumtazama mtu akitafuta herufi ambayo wewe unaiona. Alikosea, akafuta, akauliza. Na kuuliza si ujinga. Nami, kwa kulazimika kueleza kwa mdomo tu, nikagundua kwamba slaidi zangu mbili zisingeeleweka na mtoto yeyote wa darasa la nne. Tukazibadilisha pamoja, yeye akiandika.

Saa kumi alifundisha hesabu ya sehemu, nusu na robo. Mshale wa kipanya ulipompotea ukutani alisema, "Ng'ombe ametoka zizini," akamrudisha taratibu. Barasa alipoleta maswali ya kusumbua, alimwita mbele augawanye mkate uliochorwa kwenye skrini. Mama Njeri alipita, kwa alama chache tu juu ya kiwango cha kupita, akahitimu.

Leo simu yako inaweza kuandika kazi ya kikundi kizima kabla chai haijapoa. Kidole kimoja hakivunji chawa, ni kweli. Lakini hata vidole vitano vikilala, chawa anaishi. Usimfanyie mwenzako jambo analopaswa kulijua, wala usikubali kufanyiwa. Ukijua zaidi, eleza, kisha ungoje. Na kila jina mnaloandika juu ya kazi yenu liwe la mtu anayeweza kusimama na kuifundisha.

Mungu akujalie wenzako wenye subira, mwanangu, na akupe ulimi wa kusema "sijui" mapema.