Tansy Aliyefundishwa kwa Mnong'ono

Kwa misimu thelathini na moja, kila Jumamosi ya majira ya baridi, Hedley Peart aliingia msituni pamoja na waswaga ndege wenzake, na kazi yake ilikuwa kupiga kelele. Wenzake waligonga miti kwa fimbo, wengine walipepea mifuko ya mbolea kama bendera. Yeye alitoa sauti tu. Fezanti, ndege wa kuwindwa wenye ukubwa wa kuku, waliojificha kwenye magugu walifyatuka, mikia mirefu ikiburuzika nyuma yao, wakaruka kuelekea bondeni walikosimama wenye bunduki.

Siku nyingine zote alikuwa machimboni, akivunja mawe ya chokaa, na huko pia sauti ilikuwa na kazi. Baruti ikikaribia kulipuliwa, msimamizi hakuhangaika na king'ora; alimwita Hedley. Watu wa Weardale ya juu, bonde la kaskazini mwa Uingereza, walikuwa wakisema kwamba Hedley akikusalimia asubuhi, salamu yako na ya jirani yako zimeshafika pamoja.

Alipofikisha miaka sitini na mbili, sauti ile ilianza kukwaruza. Thelma, mkewe, alimchemshia asali na limau majuma sita, kisha akachoka kungoja akampeleka kwa daktari kwa nguvu. Ilikuwa saratani, imekaa kwenye uzi mmoja wa sauti, ndani ya koo. Waliukata. Ugonjwa ukaondoka nao, na Hedley alirudi nyumbani akiwa mzima, ila kilichobaki kinywani mwake kilikuwa mnong'ono, kama mtu anayeongea kanisani wakati wa sala.

Yale majuma ya hospitali Thelma hakuyaweza peke yake. Nyumba ilinyamaza mno. Basi akanunua mbwa: spanieli mdogo, jike, mweupe mwenye mabaka ya kahawia, masikio yamelegea hadi kwenye bakuli la maji. Akamwita Tansy. Hakuwa na nia ya kuwinda kitu. Alitaka kiumbe cha kumsemesha wakati wa kumenya karoti.

Hedley alipomwona alisimama mlangoni, mfuko wake wa hospitali ungali mkononi, asiingie. Ni miaka thelathini na minane hakuwa amefuga mbwa. Watu walioulizia aliwajibu kwamba vumbi la chokaa lilimtosha, manyoya hakuyahitaji. Sababu yenyewe alimwambia Thelma mara moja tu, walipokuwa wachumba. Ujanani alikuwa na mbwa wa kuwindia jina lake Moss, na alimfundisha kama baba yake alivyofundisha mbwa wote, kwa fimbo na makelele. Moss alitii. Aliokota ndege bila kosa. Lakini mpaka siku anakufa, Hedley akivua kofia haraka tu, Moss alilala chini akajibana kwenye ardhi kama jani lililokanyagwa.

"Huyu ni wako," Hedley alimnong'oneza mkewe siku ile. "Mimi usinihusishe."

Alihusishwa na kandambili. Asubuhi moja Tansy aliiba kandambili ya Thelma akatoka nayo mbio kuelekea njiani. Hedley, aliyekuwa amekaa kizingitini na kipande cha mkate na jibini, alifungua kinywa kumfokea kama alivyofokea ulimwengu mzima maisha yake yote. Ikatoka hewa. Mbwa aligeuka, akamtazama kwa heshima zote, akaendelea na safari. Hedley alijaribu tena, koo likamuuma, akaacha. Alikaa pale akajiona mtu aliyekwisha. Muda si muda pua yenye maji ikamgusa goti. Tansy alikuwa amerudi, kandambili mdomoni, macho kwenye jibini. Hedley akammegea kipande. Mbwa akaachia kandambili kwenye kiganja chake.

Kesho yake walirudia, na keshokutwa, kwa soksi iliyokunjwa.

"Unamhonga mbwa wangu," Thelma alisema kutoka dirishani.

"Namlipa mshahara," Hedley alinong'ona.

"Sikusikii."

"Najua," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitalini alicheka, cheko lisilo na sauti, mabega yakimtikisika.

Kila Alhamisi mchana, katika ukumbi wa kanisa dogo la Wamethodisti, msichana aitwaye Kerry Nattrass alikuwa akifundisha watu na mbwa wao. Kerry alikuwa muuguzi kwa daktari wa mifugo, na njia yake ilikuwa moja: hupigi, hufokei. Unamngoja mnyama afanye jambo jema, unampulizia filimbi papo hapo ajue ndilo hilo, unamlipa. Jambo baya unalizibia mlango mapema lisipate nafasi. Hedley aliingia ukumbini akiwa mwanamume peke yake kati ya akina mama na vijibwa vyao vya mapajani, akakaa kiti cha nyuma, kofia magotini. Kerry alipomuuliza habari zake alimnong'oneza kwamba yeye hana sauti, labda anapoteza muda wake.

"Mzee Hedley," Kerry alisema, "hawa wenzako inanichukua majuma sita kuwafundisha wanyamaze. Wewe umekuja umeshamaliza darasa la kwanza."

Basi walianza. Mlio mmoja wa filimbi, keti. Milio mitatu mifupi, rudi. Mkono juu, tulia hapo ulipo. Mkono kulia au kushoto, katafute upande huo. Soksi ikawa kifurushi cha turubai, kifurushi kikafungwa mabawa ya fezanti ili mbwa ajue harufu na uzito wa manyoya mdomoni. Mifuko yote ya Hedley ilianza kunuka maini ya kuchemsha, na Thelma alitangaza kwamba nguo za mumewe hazitafuliwa tena pamoja na zake. Kufika Oktoba, Tansy angeweza kukaa katikati ya shamba sungura akipita mbele yake, anatetemeka mwili mzima kwa hamu, lakini ametulia, anamtazama Hedley.

Hapo ndipo Hedley alipoharibu.

Mtunza ndege wa mashamba yale alikuwa Cuthbert Teasdale, rafiki yake wa miaka arobaini, mtu mfupi, mkavu, mwenye mbwa watatu wanaomwogopa. Cuthbert alikuwa amesikia habari za jibini na za ukumbi wa kanisa, na waswaga ndege wote walikuwa wakizicheka wakinywa supu. Hedley alitaka waone. Kerry alikuwa amemwonya kwamba mlio wa bunduki hufundishwa polepole kama somo jingine lolote, kutoka mbali kabisa, kwa miezi. Hedley alijiambia kwamba Tansy amezaliwa bonde lenye machimbo, baruti anaisikia kila juma. Jumamosi ya pili ya Novemba akamfunga kamba akaenda naye windoni.

Kilichotokea kilichukua dakika moja. Mgeni mmoja mwenye bunduki, aliyesimama hatua kumi tu kutoka kwao, alimlenga ndege aliyepita juu ya vichwa vyao akafyatua mitutu yote miwili. Tansy aliruka juu, akachomoka kwenye ukanda wa shingo, akatokomea. Hedley alipuliza filimbi hata midomo ikafa ganzi. Baada ya saa nzima walimkuta chini ya trela ya trekta, amejibana kwenye tope. Hedley alilala kifudifudi akamnyooshea jibini. Hakulitazama hata.

"Mbwa wa kochi ni wa kochi tu, bwana," Cuthbert alisema, wala hakusema kwa ubaya.

Hedley alimrudisha nyumbani ndani ya koti lake. Njia nzima hakumwona Tansy, alimwona Moss. Thelma alipofungua mlango akaanza kuuliza mbwa amefanya nini, alimkatiza kwa kutikisa kichwa.

"Si yeye," alinong'ona. "Ni mimi. Nilitaka sifa."

Kerry hakumlaumu. Alimwambia waanze upya, chini kuliko walikoanzia, na mbwa ndiye atakayesema lini wapande ngazi. Basi majira yote ya baridi yale watu waliopita njia ya juu waliona jambo la ajabu. Thelma Peart alisimama kwenye ukuta wa mawe juu kabisa ya shamba, hatua mia tatu kutoka nyumbani, amevaa koti la mvua, mkono mmoja mfuniko wa sufuria, mwingine mwiko. Huko chini mumewe alichuchumaa na mbwa na bakuli la nyama ya kuku. Hedley akipunga leso, Thelma anapiga mfuniko mara moja. Sauti ikifika chini imeshakuwa ndogo kama kikombe kinachowekwa kwenye sahani, na hapohapo kipande cha kuku kinashuka mdomoni mwa Tansy. Masikio ya Tansy yakirudi nyuma, Hedley anainua mkono: umesogea mno, rudi. Masikio yakibaki mbele, anamwita mkewe kwa viganja asogee hatua tano.

Mvua ilinyesha, theluji ikaanguka, Thelma akalalamika kila siku na hakukosa hata siku moja. Jirani mmoja alimuuliza anafukuza nini. Alijibu kwamba hafukuzi kitu, anafunzwa pamoja na mbwa, ila mbwa anapata kuku.

Kufika Mei mfuniko ulikuwa unapigwa mlangoni pa jikoni, na Tansy akiusikia alikuja mbio anatikisa kiuno kizima. Sasa ilitakiwa bunduki yenyewe. Hedley hakuwa na bunduki. Alikwenda kwa Cuthbert, akasimama uani kwake, akamwomba. Ilimbidi aombe mara mbili kwa sababu kuku wa Cuthbert walikuwa na kelele kuliko yeye.

Cuthbert alikuja Jumapili baada ya ibada, amekunja uso. Walimweka mashamba mawili mbali, afyatue hewani, asogee akiitwa, arudi akirudishwa. Alikuja Jumapili kumi na moja. Ile ya mwisho alikuwa amesimama hatua ishirini; alifyatua, na Tansy aliketi kimya, akamwinulia Hedley uso kuuliza malipo yake yako wapi. Cuthbert alifungua bunduki yake kwenye bawaba, akatoa ganda la risasi, akaja akakaa ukutani kando ya rafiki yake.

"Miaka arobaini nimekuwa nakusikia tu," alisema. "Mwaka huu ndio nimeanza kukutazama."

Novemba ilirudi. Safari hii Hedley hakuingia msituni. Cuthbert alimweka nyuma ya mstari wa bunduki, kando ya kijito, pamoja na waokota ndege na mbwa wao. Thelma alikuja pia, akasimama ukutani na koti lake zuri. Bunduki zilianza. Kila mlio Tansy aliketi na kuangalia juu, na kila mara Hedley alimmegea jibini.

Karibu na saa sita, fezanti dume aliyevunjika bawa alianguka ng'ambo ya kijito, akajiinua, akakimbia kwa miguu akaingia magugu makavu. Ndege wa namna hiyo haachwi ateseke. Mbwa wawili wakubwa walitumwa, na wenye mbwa wakaanza kuwaita kwa nguvu, huyu aende kushoto, yule arudi, hadi mbwa wote wawili wakawa wanazunguka mahali pamoja wasijue wamsikilize nani.

"Nyamazeni, jamani," Cuthbert alisema. Kisha akamwelekezea Hedley kidevu.

Hedley aliinama kwenye sikio refu akanong'ona. Tansy alivuka maji, akashika harufu, pua chini, akaifuata hadi kwenye jabali, akaipoteza. Hapo alisimama. Aligeuka, akamtafuta Hedley kwa macho ng'ambo ya maji, watu wote wale wamesimama, na macho yake hayakutua kwa mwingine. Hedley alinyoosha mkono wa kulia. Tansy akaenda kulia, akazama kwenye magugu. Ilipita dakika, ikapita ya pili. Kisha magugu yakatikisika, akatokea na ndege mdomoni, yu hai, kichwa cha kijani kimeinuka kama abiria, akavuka kijito anaogelea, akampita Cuthbert aliyenyoosha mkono, akaketi mbele ya Hedley na kumwekea viganjani. Hakuwa amemng'oa unyoya hata mmoja. Cuthbert alimpokea ndege akamaliza mateso yake upesi.

Hedley alitia mkono mfukoni na kukuta jibini limekwisha. Akatoa chakula chake mwenyewe cha mchana, pai ya nyama ya nguruwe aliyofungiwa na mkewe, akampa yote. Ukutani, Thelma alikuwa akifuta miwani.

Tangu hapo upande wa kijito ni wa Hedley na Tansy. Waswaga ndege wawili wameanza kwenda kwa Kerry siku za Alhamisi, wanasema ni wake zao waliowatuma.

Jioni ya siku ile ya kwanza Thelma hakuwaruhusu kupita jikoni hivihivi na tope lao. Hedley alijaza beseni la maji ya uvuguvugu ukumbi wa nyuma, akamsimamisha Tansy ndani yake, akaanza kuchomoa miiba iliyonasa kwenye manyoya ya masikio, mmoja baada ya mwingine, taratibu asimvute, akimsemesha. Alikuwa bado yuko sikio la kwanza mbwa aliposinzia amesimama, kidevu kwenye mkono wake.