Karatasi Iliyokatwa Kola

Nashona vifungo katika chumba cha fundi mmoja wa nguo, mwanangu akiwa mgongoni, kwa hiyo haya sikuhadithiwa. Fundi huyo tunamwita Dada. Ni mwembamba, mkono wake mwepesi, na akicheka hufunika mdomo kwa futi ya kupimia.

Alikuwa na mwanaume. Sisi wa pale kazini tulimwita Shemeji, naye akiitika kwa raha. Kila jioni alikaa kwenye kiti cha wateja akimwita Dada "mke wangu" mbele za watu. Aliposema anataka kufungua duka la vifaa vya ujenzi, ndipo wafunge ndoa, Dada aliuza mashine yake ya darizi, ile iliyotupa kazi ya nembo za sare za shule, akampa fedha zote. Fundi viatu wa barazani kwetu, mtu mzima asiyefanya mzaha na fedha, ndiye aliyesisitiza Shemeji aandike kwamba amekopa na atarudisha ndani ya mwaka. Akaleta karatasi yake kubwa ngumu ya kufungia viatu, akawa shahidi. Shemeji alitia sahihi, akanuna wiki nzima.

"Mke na mume wanaandikiana kama polisi na mwizi?" alimlalamikia Dada.

Mwaka ulipokaribia kwisha, akaingia mama mmoja mchangamfu na vitambaa vya sare za harusi. Binti wa kaka yake anaolewa. Huku akipimwa kiuno, akatoa simu atuonyeshe bwana harusi. Alikuwa Shemeji, ameegemea kaunta ya duka jipya.

Nilimwangalia Dada. Alimaliza kupima, akashukuru, akamsindikiza mteja hadi mlangoni. Baadaye nikaona daftarini ameandika kiuno mara tatu.

Alipompigia simu kumdai fedha zake, Shemeji hakuyumba. "Zile ulinipa kwa mapenzi. Tangu lini mapenzi yanadaiwa?" Akakata.

Dada akafungua kesi. Karani wa mahakama akamuuliza jambo moja tu: "Una maandishi?" Alirudi uso umemshuka. Karatasi ile aliikata kwa mkono wake mwenyewe. Kwa jinsi Shemeji alivyonuna, aliona aibu kuitunza, akaikata iwe kiolezo cha kukatia gauni la kichanga.

"Nilitaka ajue namwamini," alisema.

"Kiolezo kipi, Dada?"

"Najua basi? Si unaona vilivyojaa."

Vilikuwa vimejaa ukuta mzima, vimetundikwa kwenye misumari. Tukavishusha vyote. Mwanangu alikaa katikati yake akitafuna mkono wa shati la karatasi. Mimi nikawa nageuza na kusoma migongo: matangazo, magazeti, mazoezi ya hesabu ya watoto wa watu. Siku ya tatu niligeuza kola ndogo ya duara nikaona sahihi yenye mkia mrefu. Nilipiga ukelele mtoto akaangua kilio. Mbele, nyuma na mikono ya gauni lile vilikuwa katika fungu hilohilo la msumari mmoja.

Siku ya kesi, Shemeji alikuja na suti. Hakimu, mwanamke mwenye sauti ya chini, alivitazama vile vipande.

"Hii ni nini?"

"Ni mkataba, Mheshimiwa," alisema Dada. "Naomba niushone."

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka, akampa meza ya karani. Dada akachomoa pini zilizokuwa kifuani kwake kama kawaida yake, akaunga nyuma na mbele, mikono, mwisho kola. Kiasi kikasomeka, tarehe ikasomeka, sahihi ikasomeka. Palikosekana tu maneno mawili matatu pale shingo ilipokatwa.

Shemeji akadakia: "Mheshimiwa, hapo kwenye shingo ndipo palipoandikwa kwamba ni zawadi!"

Hakimu akavua miwani. "Yaani katika karatasi yote hii, neno la kukuokoa wewe ndilo lililoangukia kwenye shimo?"

Safari hii hata askari wa mlangoni alicheka. Fundi viatu akasimama, akaeleza alichoshuhudia, tena bila kuulizwa akaongeza, "Na viatu alivyovaa ni mimi niliyevitia soli, hajanilipa." Akaambiwa akae.

Hukumu ilikuwa Shemeji alipe yote pamoja na gharama za kesi, la sivyo mali ya duka ipigwe mnada. Alisubiri hadi dalali wa mahakama alipokuja kuhesabu mabati, ndipo fedha zikapatikana asubuhi moja. Alizileta kwa karani akiwa amevimba.

"Umenidhalilisha," alimwambia Dada.

Dada alisubiri karani amalize kuhesabu. "Mimi nimedai changu tu, kaka," akajibu. Nilisikia vizuri: kaka. Kama mtu anayempisha mpita njia.

Hatukurudi nyumbani. Tulikwenda moja kwa moja kununua mashine ya darizi, mpya, bado ina nailoni. Tukaipakia kwenye mkokoteni. Mwenye mkokoteni alitaka apite uchochoroni kukwepa watu. Dada akakataa. Alitangulia mbele katikati ya barabara kubwa, mkoba begani, akipunga mkono.

"Pisheni jamani! Pisheni, mashine inapita!"

Akacheka mdomo wazi.