Ruhusa ya Mama Kengele

Shuleni kwetu tulimwita Mama Kengele, ingawa kengele ilikuwa kazi yake ndogo kuliko zote. Aliajiriwa kupika uji. Mfagizi alipoacha kazi, akakabidhiwa fagio. Mlinzi alipofukuzwa, akakabidhiwa funguo za geti. Mshahara ukabaki ule ule wa uji. Mkurugenzi, mtu wa maneno matamu na mkono wa birika, alimnunulia aproni, ovaroli na koti refu lenye kofia. Wazazi wakija, mama huyo alibadilisha nguo mbio mbio nyuma ya stoo ili waone shule ina wafanyakazi. Sisi walimu tulicheka. Mimi nilicheka sana, na sasa naona haya.

Mama Kengele alikuwa na mama aliyebakiwa na jicho moja, nalo linafifia. Hospitali ilimpangia upasuaji Alhamisi, kwa sharti aje na ndugu wa kutia saini. Ndugu alikuwa huyo huyo Mama Kengele. Jumatatu akaenda kuomba ruhusa ya siku moja. Nilikuwepo ofisini.

"Mama, mtu mmoja ningemruhusu sasa hivi," mkurugenzi alisema, na wala hakuwa anatania. "Lakini wewe ukiondoka, wanaondoka watatu. Shule nitaiendeshaje?"

"Bosi, nakuomba. Jicho lenyewe ndilo hilo hilo."

"Basi niletee watatu wa kukushikia. Ukitoka bila hivyo, usirudi."

Nilijifanya nasahihisha madaftari. Mwoga mkubwa mimi.

Alizunguka mtaa mzima, asipate hata mmoja. Alhamisi alikuja kazini macho yamemvimba. Mama yake alikuwa amemwambia angekwenda peke yake, awabembeleze madaktari.

Saa nane mchana nilimkuta getini, kajifunika koti na kofia, nikasimama naye. Bibi mmoja akaja akipapasa ukuta. Akasimama hatua mbili kutoka tulipokuwa.

"Habari za kazi, baba," alimwambia Mama Kengele. "Niitie binti yangu, yule mpishi. Mwambie wamenirudisha. Hawapasui mtu asiye na ndugu. Nafasi nyingine ni mwakani."

Mwakani! Jicho lile lisingefika hata mwisho wa mwaka.

"Mama," Mama Kengele alisema. "Ni mimi."

Bibi alinyoosha mkono, akampapasa shavu, akakuta machozi.

"Kumbe na mlinzi ni wewe, mwanangu," alisema. "Na mimi niliwaambia wasubiri, nikawaambia uko njiani."