Pembe ya Nne

Katika kiwanda kimoja cha pamba huko Homa Bay, miaka michache baada ya Uhuru, robota, yaani furushi kubwa la pamba, halikuinuliwa kwa nguvu tu. Liliinuliwa kwa majina. Watu wanne walishika pembe nne, na mwitaji akamtaja kila mmoja kama kwa wimbo, kwa jina lake na la kwao mama yake, vile Wajaluo wanavyopenda kusifiana: "Dishon, wuod nyar Uyoma!" yaani mwana wa binti wa Uyoma. Ukiitwa, unainua pembe yako. Mwitaji alikuwa Walter, na sauti yake, jamani, ilisikika mpaka gatini.

Pembe ya nne ilikuwa ya Gisiri, Mkuria kutoka kule mpakani mwa Tanzania, mtu wa maneno machache na mabega mapana. Walter alimtaja Dishon, akamtaja Maurice, akajitaja na yeye mwenyewe, wuod nyar Kabondo, kisha akamalizia, "Haya, twende!" Gisiri alibaki kuchungulia mikono ya wenzake ili ajue ainue lini. Maurice aliwahi kuuliza mbona mmoja anarukwa. Walter akasema, "Mama zao hawa Wakuria wanatoka wapi hata? Wimbo utapinda." Wakacheka wote. Gisiri naye alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichokuja kumkosesha Walter usingizi.

Siku moja ya mvua walikuwa wakipandisha robota kwenye lori. Gisiri alisimama upande wa pili, robota limemziba, hakuona mkono wa mtu. Walter akataja majina yale matatu, na watatu wakainua. Pembe ya nne ikabaki chini, robota likapinduka na kumwangukia mguuni.

Msimamizi alikuja mbio kuuliza kulikoni.

"Alichelewa kuinua," Walter akasema.

Kuchelewa alichelewa, sawa. Lakini nani alimwita? Gisiri alikuwa chini ameuma meno; akamtazama Walter. Jumamosi akaachishwa kazi kwa uzembe.

Tangu hapo Walter hakuonja raha. Akirudi nyumbani ananuna tu. Alijiona mtu mbaya, na hakuna aliyemwambia hivyo ila moyo wake. Mkewe Roselyn alimvumilia mpaka akachoka: "Kama kuna mtu umemkosea, nenda kwake. Usininunie mimi."

Akaenda. Basi mpaka Migori, kisha gari jingine, kisha miguu mpaka bomani kwa Gisiri. Aliwakuta majirani watatu wanataka kuinua ghala jipya la mahindi waliweke juu ya mawe. Gisiri alikaa kigodani, mguu umefungwa vibao. Walter akafungua mdomo aseme lililomleta, lakini mwenyeji akamkatiza kwa upole.

"Karibu, ndugu. Umekuja wakati mzuri, upande wa nne hauna mtu. Shika."

Akashika. Gisiri akaanza kuita kwa mtindo uleule wa kiwandani, jirani mmoja baada ya mwingine. Walter akainamisha kichwa kungoja kurukwa, maana alijua anastahili.

"Walter, wuod nyar Kabondo!"

Upande wa nne ukapanda. Ghala likakaa sawasawa juu ya mawe, na Walter akabaki amelishika tu, aibu imemjaa, machozi yanamtoka mbele ya watu wazima.

"Nilidanganya," akasema. "Sikukuita."

"Najua. Nilikuwa pale."

"Jumatatu nitamwambia msimamizi ukweli. Akinifukuza, anifukuze. Mguu ukipona, urudi."

Gisiri akauliza, "Nikirudi, utaniitaje?"

Misimu mitatu ya pamba walibeba pamoja, na Walter hakuwahi hata kumuuliza mama yake katoka wapi.

"Nyabasi," Gisiri akasema. "Mama yangu ni wa Nyabasi."

Gisiri, wuod nyar Nyabasi. Wimbo haukupinda hata kidogo. Walter alirudi nalo jina hilo njia nzima, akilitaja kwa sauti ya chini asije akalipoteza. Jumatatu asubuhi, kabla ya robota la kwanza kuguswa, alikuwa mlangoni kwa msimamizi, kofia mkononi.